Miaka ya Mosonik

Mzee Chepyegon alikuwa na umri wa miaka mia moja na kumi na tisa tangu mwezi wa pili, mwaka wa 1996. Kabla ya mwezi wa pili hakuna aliyejua ana miaka mingapi, na hakuna aliyeuliza. Kitambulisho chake kilisema alizaliwa 1900, lakini hicho hakikuwa na maana, kwa sababu karani aliyekuja Sosiot enzi hizo aliwaandikia wazee wote mwaka huo huo ili amalize mapema aende zake. Mzee alikuwa mzee tu. Aliamka, akanywa chai, akakagua ng'ombe, akawaambia watu jinsi wanavyokosea kuchuma majani chai, akalala.

Aliyeleta hesabu ni Daktari Akeyo. Alitoka chuo kikuu huko Nairobi, na hakuwa daktari wa kutibu. Alikuwa daktari wa kuzeeka. Alizunguka milimani akitafuta wazee waliodumu, apate kujua kwa nini mwili mmoja unachakaa na mwingine unakataa. Gari lake lilikwama kwenye matope ya lango, Kipkurui na majirani wakalisukuma, na kwa sababu ya shukrani akaona aanze na boma hilo.

Mzee aliwekewa kiti uani. Kipkurui, mwanawe, alisimama kando kusaidia pale Kiswahili cha mzee kingeishia. Rodah, mke wa Kipkurui, alileta chupa ya chai.

"Mzee, unaikumbuka reli ikija?" Akeyo aliuliza.

"Ile ya Lumbwa? Naikumbuka sana," mzee akasema. "Mimi nilikuwa na mke tayari, na ng'ombe. Tuliwaibia Wazungu nyaya zao za simu, tukatengenezea wanawake bangili. Walikasirika! Wewe, Wazungu walikasirika!"

Akeyo akaandika mbio. Reli, mke, ng'ombe. Akapiga hesabu, akaipiga tena, akainua macho akamwangalia mzee kama mtu aliyeokota kitu cha thamani barabarani na mwenyewe haonekani.

Rodah alisimama na chupa mkononi. Yeye alijua, na Kipkurui alijua, na jirani yeyote angejua, kwamba aliyeiba nyaya ni Mosonik. Mtoto wa Kipsigis akizaliwa, wanawake humgusa puani na ugoro huku wakitaja majina ya waliokufa katika ukoo. Jina atakalopigia chafya, huyo ndiye aliyerudi. Chepyegon alipiga chafya kwa Mosonik, baba ya baba yake. Tangu siku hiyo baba yake mzazi alimwita "baba," na mambo yote ya Mosonik akasimuliwa kama yake. Akiyasimulia husema "mimi," na watu wa nyumbani hujua ni mimi yupi. Lakini Akeyo alikuwa mtu wa upande wa ziwa, na huko wana mambo yao mengine.

Rodah akamtazama mumewe. Kipkurui akafungua mdomo, akaufunga. Kwanza, mtu hamsahihishi baba yake mbele ya mgeni. Pili, alikuwa ameshaanza kuona utamu wake.

Akeyo akatoa vyombo. Mzee akapewa chuma cha kubana kwa mkono, akakibana. Akapewa bomba, akapuliza. Akaambiwa ainuke kitini bila kushika kitu, akainuka na kuuliza kama kuna lingine. Akavutwa ngozi ya mkono ionekane inarudi upesi namna gani. Akatolewa damu.

"Mwili ni seli," Akeyo akaeleza, maana alikuwa mwalimu mzuri. "Seli inajigawa, inajigawa, na kila mara uzi ulio ndani yake unapungua kidogo nchani, vile kamba ya ng'ombe inaisha pale mnapofungia. Mwisho seli inakataa kujigawa, na hapo tunazeeka. Sasa huyu baba, sijui kamba yake ni ya nini! Miaka mia na kumi na tisa, lakini mwili ni wa mtu wa sabini na tano, sabini na nane. Ni ajabu kabisa."

"Labda ako na hiyo sabini na nane," Rodah akasema.

Akeyo alicheka kwa upole. "Mama, hebu lete mkono." Akamvuta Rodah ngozi, akangoja irudi. "Wewe uko hamsini na ngapi?"

"Arobaini na moja."

"Pole. Ni jua na majani chai," Akeyo akasema, na hilo nalo akaliandika.

Rodah akaurudisha mkono wake chini ya leso.

Picha ya mzee ikatoka gazetini. Chifu akaleta blanketi. Pasta akahubiri juu ya Methusela Jumapili mbili, kisha akamwomba mzee asimame watu wamwone. Wageni walifika kutoka Kiptere na Sigowet kumshika mkono na kumuuliza anakula nini. Mzee akasema mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni. Vijana waliokuwa wameacha mursik kwa sababu inanuka moshi wakarudi kwa mama zao kimyakimya kuomba kibuyu.

Kipkurui alianza kuvaa koti hata siku za wiki. Rodah alipika chai ya wageni, akaosha vikombe vya wageni, akachelewa kupeleka majani kwenye kituo, na karani wa kupima akamwambia majani yake yamenyauka. Jioni alimkuta mumewe akikamua.

"Baba Kipkorir, mwambie yule mama ukweli."

"Ukweli gani? Mzee hajadanganya."

"Najua hajadanganya. Lakini yule hakuelewa."

"Na hiyo inamuumiza nani?" Kipkurui akauliza, na Rodah, kusema kweli, hakuwa na jibu.

Jibu lilikuja mwezi wa sita, na baridi. Rodah aliona mzee amekataa chai asubuhi, akaikataa tena saa nne. Aliona anatembea ameinama, mkono tumboni, na kwamba kila mara anakwenda nyuma ya nyumba na kurudi na uso ule ule aliokwenda nao. Kuna mambo ambayo mke wa mtoto hamuulizi baba mkwe, hata nyumba ikiungua. Akamfuata mumewe shambani.

"Baba haendi nje," akasema.

"Aende wapi?"

"Nimekwambia haendi nje."

"Si nimemwona sasa hivi amesimama huko nje?"

"Kipkurui!" Rodah akasema. Hakuwa amemwita kwa jina tangu wapate mtoto. Hapo mume akaelewa, akatupa jembe, akakimbia kutafuta pikapu ya maziwa.

Katika hospitali ya misheni walimpata Daktari Nyaberi, Mkisii mfupi mwenye haraka. Huyu alikuwa daktari wa kutibu. Akamtia mzee mpira wa kupitishia mkojo, na mzee akapata nafuu kubwa hata akambariki daktari, na ukoo wake, na ng'ombe zake, ambazo daktari hakuwa nazo. Kisha Nyaberi akawaita Kipkurui na Rodah pembeni.

"Ni tezi," akasema. "Kila mwanamume anayo. Ukizeeka inakua, inabana njia. Hakuna uchawi hapo, ni kuzeeka tu. Dawa ni kupasua, na hapa tunapasua kila wiki."

"Basi apasuliwe," Rodah akasema.

Nyaberi akakuna kidevu. "Lakini huyu si yule mzee wa gazeti?"

Kipkurui akajinyoosha ndani ya koti lake. "Ndiye," akasema.

"Sasa ndugu yangu, mtu wa miaka mia na kumi na tisa nitampasuaje? Nikimlaza usingizi hataamka. Mtu wetu wa dawa ya usingizi ameona jina tu, akasema yeye hataki kuua mzee wa taifa. Baba amekula chumvi ya kutosha. Mpelekeni nyumbani na mpira wake, apumzike."

Wakampeleka nyumbani na mpira wake. Mfuko ulining'inia kando ya kiti, chini ya blanketi la chifu, na wageni hawakuacha kuja. Mmoja wa Sigowet aliinua blanketi akauliza hii ni nini. Kipkurui akasema ni mambo ya utafiti. Mgeni akatikisa kichwa kwa heshima. Mzee aligeuza uso akatazama majani chai, na Rodah, aliyekuwa akimimina chai, alitamani kummiminia yule mgeni miguuni.

Haikupita muda mzee akashikwa na homa. Alitetemeka mpaka kitanda kikalia. Pikapu ya maziwa ikaitwa tena.

"Wadudu wamepanda na mpira, wameingia kwenye figo," Nyaberi akasema baada ya siku mbili za sindano. "Homa tumeishusha. Lakini itarudi, na kila ikirudi itakula figo kidogo. Siwafichi kitu. Na mpira huu, hamfiki naye Krismasi."

"Na akipasuliwa?" Rodah akauliza.

"Angekuwa na umri wa kupasuliwa, angeenda kuchunga ng'ombe zake."

"Ako na sabini na kitu."

"Nani anasema?"

"Mimi."

"Ulikuwepo akizaliwa?" Nyaberi hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa amechoka, na gazeti alilisoma kwa macho yake. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakacheka. Rodah akamgeukia mumewe. Kipkurui alikuwa akichunguza dirisha.

Akamvuta mpaka nje, kwenye korido.

"Sema," akamwambia.

"Niseme nini? Niseme baba si Mosonik? Hilo ni kumkana babu ya baba yangu, na baba mwenyewe akisikia atakufa kabla ya hiyo figo. Na chifu je? Na pasta? Nitaitwa mwongo kutoka hapa mpaka Bomet."

"Sawa," Rodah akasema. "Basi uwe yatima mwenye heshima zako."

Akamwacha hapo, akarudi ndani. Kipkurui akamfuata, maana mume hawezi kubaki koridoni peke yake kama ameadhibiwa.

Nyaberi alikuwa bado kando ya kitanda, pamoja na nesi mmoja, Caren, msichana wa Kiptere. Daktari alipomwona Rodah tena alivuta pumzi.

"Mama, tumalize haya maneno. Mzee! Reli ikija Lumbwa, wewe uliiona?"

"Niliiona," mzee akasema, kichwa kwenye mto wa kitanda. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini haikusita.

"Umesikia?" Nyaberi akamwambia Rodah.

Rodah alikuwa ameolewa katika boma lile miaka ishirini, na kwa miaka hiyo yote hakuwa amelitamka jina la Mosonik. Mwanamke aliyeolewa hataji majina ya wazee wa mume. Akitaka kusema, husema "yule wa zamani," au hunyamaza, na kunyamaza ndiyo salama zaidi. Sasa aliogopa, na aliona haya, na alimwonea huruma yule mzee aliyelala pale akifa kwa ajili ya mtu mwingine. Akasogea mpaka miguuni pa kitanda, akainamisha kichwa.

"Baba, unisamehe," akasema. "Mosonik alikufa lini?"

Kipkurui alipaliwa na mate. Caren alitazama sakafu.

Mzee alimtazama mke wa mwanawe, akatazama dari, na wote waliona kwamba swali hilo hajawahi kuulizwa na mtu.

"Nilikufa kwa ile homa kubwa," akasema mwishowe. "Vita ya Wajerumani ilipoisha. Kila boma lilizika. Mimi sikukaa sana, siku tatu tu."

Nyaberi akashusha kalamu. "Ulikufa?"

"Nilikufa."

"Halafu?"

"Halafu nikarudi." Mzee alimtazama daktari kwa huruma. Msomi mzima! "Mtu atarudi namna gani kama hajaenda?"

"Ukarudi lini?"

"Mvua iliyofuata. Mama tayari alikuwa na mimba yangu."

Nyaberi alimgeukia Caren, na Caren, bado akitazama sakafu, akamweleza upesi upesi habari ya ugoro na chafya. Daktari akasikiliza mdomo wazi kidogo. Akahesabu kwa vidole. Ile homa ya dunia nzima aliisoma shuleni, mwaka wa kumi na nane.

"Kwa hivyo huyu," akasema, akimwonyesha mzee kwa kalamu, "huyu wa hapa, mwenye mpira, amezaliwa mwaka wa kumi na tisa."

"Sabini na saba," Rodah akasema.

"Na mbona hamkusema siku ya kwanza?"

"Hakuna aliyeuliza alikufa lini."

Nyaberi akafunga faili, akalifungua tena. "Mtu wa usingizi hataamini maneno ya mke wa mtoto. Atakuja hapa amuulize mzee mwenyewe. Mzee, sikiza. Mimi yule wa reli siwezi kumpasua. Nikimgusa anakufa. Kama hapa kitandani kuna mtu mwingine, huyo ndiye aseme na mimi."

Hapo kulikuwa na kazi. Mzee alifumba macho muda mrefu, hata Caren akasogea kumgusa mkono aone kama mapigo yapo. Alipoyafumbua alimtafuta Kipkurui, na Kipkurui alikuwa ameegemea ukuta, midomo inamchezacheza.

"Yule wa reli amekufa," mzee akasema.

Hakusema nimekufa. Kipkurui akageukia ukuta kabisa.

"Mimi ni Chepyegon. Reli ikijengwa sikuiona. Niliipanda mara moja, kwenda Kisumu, nikatapika."

Akapasuliwa Alhamisi. Mtu wa usingizi alimlaza akamwamsha, akasema ana moyo mzuri kwa mtu wa umri wake, na hilo lilikuwa kweli kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili. Baada ya majuma mawili alikuwa nyumbani, bila mpira, akienda nje kama watu wengine.

Wageni waliacha kuja. Gazeti halikuandika kitu. Miaka sabini na saba si habari. Akeyo alifika, akaelezwa mambo yote, akakaa ndani ya gari muda kabla ya kuliwasha. Chifu hakudai blanketi, ingawa siku moja alipita akalitazama sana. Pasta alirudi kwenye Warumi. Na Kipkurui alitundika koti, akaonekana kituoni na kikapu chake cha majani kama zamani, na watu walipomwita "mtoto wa Methusela" alijifanya hasikii.

Mzee alikuwa amepona kila kitu isipokuwa kuongea. Alikaa uani. Wazee wenzake walikuja wakamwambia, Mosonik, tuambie ile ya nyaya, naye akasema waulize mtu mwingine. Walikuja mara mbili, tatu, kisha wakaacha. Hata majani chai hakuyasemea tena. Watu walichuma vibaya mbele ya macho yake, akawaacha.

Roho ilimuuma Rodah. Alijua ni yeye aliyeuliza lile swali. Alikuwa ametaka kumwokoa mzee, na mzee alikuwa pale, mzima, anakula, anapumua. Lakini mara nyingine akimpelekea chai alihisi kama anampelekea mgeni asiyejulikana ametoka wapi. Mchana mmoja, watoto wako shule na Kipkurui yuko kituoni, alishindwa kuvumilia.

"Baba, tuambie hadithi."

"Ipi? Zote ni zake."

"Basi tuambie yako."

"Sina."

"Haki ya Mungu, baba! Miaka sabini na saba, na hujaona kitu?"

Mzee alikizungusha kikombe mkononi. Chai ikapoa, ngozi ya maziwa ikashika juu. Rodah alidhani ameshasahau swali, akainama kuchukua ndoo.

"Niliona mama yenu akifa," mzee akasema.

Rodah akaiacha ndoo. Miaka minne ilikuwa imepita. Yeye ndiye aliyemwosha marehemu, na siku ile alimwona mzee akitoka makaburini kwenda moja kwa moja zizini kutazama ndama, na akasema moyoni mwake, huyu mzee ni jiwe.

"Wazee walinishika mkono," mzee akaendelea. "Wakaniambia, Mosonik, wewe umeshazika wake wawili, hii umezoea. Nikasema ndiyo, nimezoea. Wakafurahi. Nikaenda kwa ng'ombe."

Uso wake ulikuwa umelowa, naye hakujifuta, labda hakujua. Rodah hakuwahi kuketi mbele ya baba mkwe tangu aolewe. Akaketi, pale pale kwenye nyasi, karibu na miguu yake.

"Sikuwa nimezoea," mzee akasema. "Mimi nilikuwa na mke mmoja tu."